Jani Lililotangulia Radi

Nilimwahidi Bibi Ndeshi kwamba nikikua nitasema. Nilimwahidi nikiwa nimechuchumaa nyuma ya pikapu iliyokuwa ikiteremka kwa kasi kutoka Mwika kwenda Moshi mjini, mama yangu amelala katikati na yeye amelala ukingoni, damu yake ikiyalowesha magoti yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Alitaka ahadi nami nikampa, kama mtoto anavyotoa chochote alicho nacho ili mtu mzima aache kumkazia macho.

Siku hizi nimepanga chumba Njoro, humo humo Moshi mjini, jirani na karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma. Kila anapolianza geti jipya, mwanga wa buluu hupasuka, na harufu huingia dirishani kwangu: harufu kali ya chuma na hewa iliyoungua, inayokwama kooni. Wapangaji wenzangu hulalamikia kelele. Mimi hufunga dirisha kwa sababu nyingine. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa uani kwetu mchana ule, na haijapata kunijia peke yake. Huja na ng'ombe wawili waliokakamaa miguu, huja na mama akiwa chini, kisha huja na sauti ya mawe juu ya bati.

Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, na cha Bibi Ndeshi vilitenganishwa na mstari wa masale. Ninyi wenzangu mliolelewa mlimani mnaujua mmea huo wenye majani marefu, unaosimama mpakani miaka na miaka bila kudai mbolea. Mtoto wa umri wangu alijua kazi yake moja tu: hapa ni kwetu, pale ni kwao. Kazi yake ya pili nilikuwa sijafundishwa. Mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, humkatalii. Ugomvi hukoma hapo hapo, hata kama ulihusu damu. Ukimkatalia, kosa lake linahamia kwako.

Bibi Ndeshi alikuwa mjane, mwembamba, mwenye ulimi uliojulikana hadi sokoni. Ugomvi wake na baba ulitokana na mfongo, ule mfereji wa maji unaoshuka kutoka msituni na kupita katika vihamba vyetu kwa zamu. Kiangazi kilikuwa kimerefuka mno. Siku ya zamu yetu baba alikuta maji yamezibwa kwa magome ya mgomba na kugeuzwa kuelekea kwa bibi. Akampigia kelele mbele ya watu waliokuwa wakisubiri zamu zao.

"Mama, wewe ni mwizi wa maji!"

"Mimi mwizi? Mimi niliyekupokea kwa mikono hii siku unazaliwa?" Bibi Ndeshi alijishika kiuno. "Unataka maji? Haya! Utaletewa kutoka juu, uyanywe mpaka uyatapike!"

Watu walicheka. Aliyecheka kuliko wote ni baba mdogo Elinami, mdogo wake baba, kijana aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo. "Bibi, ukiyaleta hayo ya juu, usisahau na sabuni!" Hata bibi mwenyewe alielekea kutabasamu, lakini baba hakutabasamu. Aliyarudisha maji kwa teke, akaondoka. Maneno yale yalibaki pale mfongoni, na kila aliyeyasikia alirudi nayo nyumbani kwake.

Siku chache baadaye wingu lilianza kujengeka tangu asubuhi.

Nikiwa mtoto niliamini kwamba mawingu hupanda mlima kama watu wanavyopanda kutoka sokoni, kila moja na mzigo wake, na kwamba ngurumo ni mizigo ikitupwa chini baada ya safari. Leo mimi ni mwalimu wa fizikia, na wanafunzi wangu nawaeleza hivi. Jua la asubuhi huichoma tambarare iliyo chini yetu. Hewa hupata joto, huwa nyepesi, na hubeba unyevu wa mashamba na mito. Upepo ukiisukumia mlimani, haina pa kupita ila juu. Inapopanda hupoa, na mvuke wake hugeuka matone. Lakini mvuke unapogeuka kuwa maji huachia joto lililokuwa limejificha ndani yake, na joto hilo huisukuma hewa ipande tena, kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana wingu la radi linaonekana kama linachemka. Huko juu kabisa matone huganda. Chembe nyepesi za barafu hupanda, vidonge vizito hushuka, vinagongana kwa mamilioni, na katika kila mgongano chaji kidogo ya umeme huhama kutoka kimoja kwenda kingine. Juu ya wingu hujikusanya chaji chanya, chini yake chaji hasi. Ardhi nayo, iliyo chini ya wingu, huitikia. Katikati kuna hewa, ambayo kwa kawaida haipitishi umeme. Inazuia, inazuia, mpaka inashindwa.

Mchana ule, yapata saa nane, kilele cha mlima hakikuonekana tena na kitako cha wingu kilikuwa na rangi ya jeraha la siku tatu. Mama alinituma mpakani nikamfungue mbuzi kabla ya mvua. Yeye alikimbilia nguo alizokuwa ameanika.

Bibi Ndeshi alikuwa amesimama penye masale, kisu mkononi. Alikuwa amekata jani moja na alikuwa akilifunga fundo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Baba yako yupo?"

"Hayupo. Yuko kwa baba mdogo."

Alilikaza fundo, akaliinua jani juu kwenye mwanga uliobaki ili aone kama limeshika, mkono wake ukiwa umeelekea upande wa kwetu. Kisha akaniwekea jani kiganjani na kuvifunika vidole vyangu juu yake.

"Akirudi mpe hili. Mkononi, siyo mezani. Usimwambie neno lolote kabla hajalipokea. Umesikia, Eliya?"

"Ndiyo, Bibi."

"Akishalipokea, mwambie nilisema vibaya. Mwambie mdomo wangu umezeeka kuliko mimi."

Nilimfungua mbuzi. Ngurumo ya kwanza ikapiga upande wa msituni, mbuzi akaruka, kamba ikanichuna kiganja, nami nikalitupa jani ili niishike kamba kwa mikono miwili. Jani lilianguka kwenye mfongo. Nililiona likizunguka mara moja na kuchukuliwa na maji. Nakumbuka vizuri nilichowaza, kwa sababu nimekuwa nikikiwaza tena maisha yangu yote: masale yako mengi hapa mpakani, nitakata jingine.

Mvua ilinikuta nusu ya njia, na ndani yake mlikuwa na barafu. Nilijibanza chini ya paa la jiko. Mama alikuwa amefika mlangoni mwa banda la ng'ombe, nguo zimemjaa kifuani, akisubiri ipungue kidogo avuke uani. Juu yake ulipita waya wa kuanikia, ambao baba aliufunga kutoka kwenye mti mrefu wa mgrivea hadi kwenye nguzo ya banda. Aliniona. Alitikisa kichwa kunikataza nisitoke.

Huhesabiwa sekunde kati ya mwanga na ngurumo ili kujua radi iko mbali kiasi gani. Siku hiyo hapakuwa na sekunde yoyote. Dunia iligeuka nyeupe na papo hapo ikapasuka. Sikusikia sauti; sauti ilinipiga kifuani na kunilaza. Nilipofumbua macho mgrivea ulikuwa umechanwa gome kutoka juu hadi chini, unafuka moshi katikati ya mvua. Ng'ombe wetu wote wawili walikuwa wamelala ubavu, miguu imenyooka kama ya meza iliyopinduliwa. Mama alikuwa chali juu ya nguo zake, damu ikimtoka sikioni.

Leo ningeweza kumwonyesha yeyote njia ya umeme ule, kutoka juu ya mti, kufuata waya, hadi kwenye nguzo, hadi kwenye matope. Ningeeleza kwamba ng'ombe hufa upesi kwa sababu kwato zake za mbele na za nyuma ziko mbali, na umeme unaosambaa ardhini huingia kwa mguu mmoja na kutokea kwa mwingine, ukipitia moyoni. Ningeeleza kwamba hewa iliyounguzwa kwa ghafla hutanuka kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kilichopasua ngoma ya sikio la mama. Mchana ule hapakuwa na wa kueleza, na hakuna aliyeuliza imekuwaje. Waliuliza swali jingine.

Baba alifika akikimbia, baba mdogo Elinami nyuma yake, na majirani nyuma yao. Mvua ilikuwa inakatika. Mwanamke mmoja alipiga magoti kwa mama, akapaza sauti kwamba anapumua. Baba alimtazama mama, akawatazama ng'ombe, kisha akanishika mabega kwa nguvu hadi miguu yangu ikaacha ardhi.

"Ulikuwa hapa! Umemwona nani?"

Sikuwa nimemwona mtu aliyefanya lolote. Lakini swali lilitaka jina, na jina nilikuwa nalo moja.

"Bibi Ndeshi."

"Anafanya nini?"

"Alikata isale. Akalifunga fundo."

"Halafu?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ningesema, halafu akanipa nikuletee. Lakini angeuliza, liko wapi? Ningejibu kwamba nimelipoteza, na kipigo cha baba nilikiogopa kuliko radi. Nikasema, "Akaliinua juu. Akalielekeza kwenye banda letu."

"Si alisema?" Baba mdogo Elinami alipiga kelele, na safari hii hapakuwa na mzaha sautini mwake. "Si alisema mbele yetu sote yatatoka juu? Tulicheka! Mimi mwenyewe nilicheka!"

Wingu lile lilihitaji asubuhi nzima kujikusanya. Watu walihitaji muda mfupi kuliko ninaoutumia kuandika sentensi hii. Uani nikabaki mimi, mama, na yule mwanamke aliyekuwa akimpepea.

Kisha nikasikia mvua ya mawe imerudi, nzito, upande wa pili wa masale. Nikatazama juu. Anga lilikuwa la buluu, jua linawaka kwenye majani. Nilisimama pale muda mrefu nikitafuta wingu, mpaka nilipoelewa kwamba yalikuwa mawe ya mfongoni, na kwamba yalikuwa yakianguka juu ya bati la Bibi Ndeshi.

Nilipopenya mpakani baba alikuwa ndani ya migomba ya bibi na panga. Hakuwa akikata ndizi. Alikuwa akiangusha migomba yenyewe, pigo moja kila shina, na kila uliodondoka ulitoa mlio wa mwili unaoanguka. Wengine walirusha mawe. Mlango ulifunguka na bibi akatoka akiwa amejifunika kichwa kwa mfuniko wa sufuria kubwa, kama mtu anayekimbia mvua. Jiwe la kwanza liligonga mfuniko, likalia kama kengele. La pili lilimpata mkononi, mfuniko ukadondoka. La tatu lilimpata juu ya jicho.

"Jani!" alilia akiwa amepiga magoti. "Baba Eliya, mwanangu, jani! Nilikuletea jani!"

Baba hakusikia. Alikuwa anamwendea, panga mkononi. Aliyesikia ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa najua liko wapi, au lilikokwenda. Nikakimbia kando ya mfongo, huku nimeinama, hadi kwenye mabaki ya kile kizuizi cha magome ya mgomba. Lilikuwa limenasa hapo. Fundo lilikuwa bado limekaza.

Sijui nilipita vipi katikati ya miguu ya watu. Nilimwekea baba jani mkononi, mkono ule ule wa panga, na sikusema neno kabla hajalipokea. Alilitazama. Panga lilianguka lenyewe. Nyuma yetu mtu mmoja aliyekuwa ameinua jiwe alilishusha polepole, akaliweka chini kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Amekupa lini?" baba aliniuliza.

Jani lilikuwa limelowa, lakini siku hiyo kila kitu kilikuwa kimelowa. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukweli kwa mara ya pili katika saa moja.

"Sasa hivi," nikasema.

"Basi amekiri!" akasema baba mdogo Elinami, akiwageukia watu. "Kama hajatenda, isale la nini?"

Hivyo ndivyo jani lilivyomwokoa Bibi Ndeshi na kumhukumu kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemgusa tena, kwa kuwa aliyeleta isale haguswi. Na hakuna aliyemwamini tena, kwa kuwa aliyeleta isale amekosa.

Pikapu ya jirani aliyekuwa akipeleka ndizi sokoni ililetwa kwa ajili ya mama. Baba akasema, bila kumtazama mtu, "Mpakieni na huyo." Wakawalaza wote wawili juu ya majani ya mgomba, aliyepigwa na radi na aliyedaiwa kuituma, na mimi nikapandishwa niwashikilie wasibingirike kwenye kona. Mama alikuwa amefumbua macho, lakini tulipomwita hakugeuka. Bibi alikuwa ameshikilia khanga kwenye paji la uso.

"Jani nilikupa lini?" aliniuliza.

"Kabla ya mvua."

"Na umewaambia lini?"

Nilianza kulia.

"Acha. Ukisema leo baba yako atakuumiza, na mama yako ndiye huyu. Nyumba haiwezi kubeba yote kwa siku moja." Alivuta pumzi. "Ila ukikua utasema. Niahidi."

"Nitasema, Bibi."

Alishonwa hospitalini Mawenzi, mama akatibiwa sikio ambalo halijapona hadi leo, na wote wawili wakarudi nyumbani. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakuna aliyemtukana, ila hakuna aliyekunywa chai nyumbani kwake. Anga lilipofunga, wanawake waliokuwa wakitembea naye kutoka kanisani waligundua kila mmoja ana haraka. Mimi nilimsalimu kila nilipopita. "Shikamoo Bibi." "Marahaba. Hujakua bado?" Watu waliomsikia walidhani anatania kimo changu.

Nilipokuwa chuoni nilijifunza yote niliyoeleza hapo juu, na niliamini kwamba elimu hiyo ndiyo deni langu. Likizo moja nilimwendea, nikachora wingu kwenye vumbi la uani kwake kwa kijiti, na chanya, na hasi, na njia ya waya. Alisikiliza hadi mwisho, mkono wake ukipapasa kovu juu ya jicho.

"Umenieleza mawingu vizuri sana, mwalimu," akasema. "Na jani?"

"Likizo ijayo, Bibi. Nitaongea na baba."

Alicheka, akafuta mchoro wangu kwa ufagio. "Hujakua bado."

Amefariki masika haya. Asubuhi ya mazishi nilimtafuta baba, nikamkuta kwenye shamba la kahawa, nikamwambia kila kitu, tangu mbuzi hadi "sasa hivi". Ni mzee sasa. Akauliza, "Kwa nini unaniambia leo? Maiti hapokei isale." Akanyanyuka, akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo. "Nilichukua panga kwa mdomo wako. Twende. Ukaseme kwa mdomo huo huo."

Nilisema, mbele ya kaburi lililokuwa bado wazi. Wengine walilia. Wengine walinung'unika kwamba mambo ya zamani yaachwe pamoja na waliopita. Baba mdogo Elinami alisema, "Hata hivyo, radi ilipiga," akaenda zake, na sijui kama amenisamehe au kama amejisamehe. Mama alinivuta karibu na sikio lake zima.

"Nilijua," akasema. "Kwenye gari niliona midomo yenu. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mwanangu, na yeye hakuwa mtu wangu."

Sijapata kusikia maneno mazito kuliko hayo, na sitayapamba.

Nina ombi moja kwenu wenzangu, ambao sasa ndio wazazi na ndio majirani. Radi itapiga tena mlimani. Ikipiga kwenu, zimeni moto, wanyanyueni walioanguka, wakimbizeni hospitalini. Mkiona mtoto amesimama pembeni anatetemeka, mfunikeni kwa khanga na mpeni kitu cha moto anywe. Msimuulize amemwona nani.